Twiza ya Mwalimu Wassila

Siku ilipotangazwa kwamba watoto wa darasa la tatu nao watasoma Kiingereza, Wassila Guerfi alikuwa na miaka thelathini na minne, shahada ya tafsiri iliyokuwa imelala kabatini miaka kumi, na sauti kubwa kuliko kimo chake. Walimu wa Kiingereza wakatafutwa kwa udi na uvumba. Wassila akaitwa, akapewa shule tatu za hapa Tolga, mji wetu wa mitende ukingoni mwa jangwa, madarasa manane, kitabu kimoja chembamba na boksi la chaki. Basi. Alipouliza kama kuna kadi za picha, au redio, au walau ramani ya ukutani, mwalimu mkuu, Bwana Mebrouk, alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Dada Wassila, hata pazia la ofisini kwangu ni shuka ya mke wangu."

Akaelewa kwamba atajitafutia mwenyewe, na mahali pa kutafutia palikuwa pamoja tu: mtandaoni.

Kwetu hapa, chakula cha mchana kikishaliwa, mji mzima hulala. Maduka hufungwa, mbwa hujisogeza kivulini, na mtu akipiga hodi saa hizo hutukanwa kupitia dirishani. Intaneti, ambayo asubuhi hujikokota kama mgonjwa, saa hizo hupata nguvu kwa sababu hakuna anayeigusa. Wassila akawa halali mchana. Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, karibu na mlango wa darini, kompyuta mapajani, kitambaa kilicholoweshwa maji kikiwa kichwani, akaandika kwa Kiingereza: masomo ya bure ya kufundishia Kiingereza.

Yakaja mamilioni. Furaha yake siku ile ilidumu robo saa hivi.

Kumbe hilo neno bure lina ukoo mkubwa. Kuna bure ya ukurasa wa kwanza, na tisa zilizobaki unazilipia. Kuna bure inayokuomba namba ya kadi ya benki, eti kukutambua tu, na Wassila hakuwa na kadi ya kufika ng'ambo wala hakumjua mwenye nayo. Kuna bure ambayo ukiibonyeza inakufungulia tangazo la dawa ya upara. Halafu kuna bure ya kweli kabisa, isipokuwa aliyeitengeneza hakuwahi kuota kwamba kuna mahali kama Tolga: somo la hali ya hewa lenye aina nne za theluji, somo linalomtaka kila mtoto afungue tableti yake, somo linalotaka mkasi, gundi na karatasi za rangi kwa kila mwanafunzi. Wassila alikuwa na watoto thelathini na sita darasani, na mkasi mmoja, wa mama yake, wa kukatia sufu.

Akajifunza kuchambua. Akajua kuziruka tovuti zinazometameta na kuzisogelea zile mbovumbovu, zenye rangi za ajabu na herufi zilizopinda, kwa maana hizo mara nyingi ni za mwalimu mwenzake aliyezitengeneza mezani kwake usingizi ukimsumbua. Akajua kutazama mwanzo idadi ya watoto kwenye picha: wakiwa wanane na zulia chini, anafunga. Mwaka wa kwanza ukaenda hivyo, akiokota huku na kule, na watoto wakampenda, naye akawapenda kupita kiasi. Alikuwa akiamka asubuhi akicheka peke yake. Kazi hii alikuwa ameingoja miaka kumi akiwa anakunja nguo za kaka yake na kukataa wachumba wawili, na sasa alipoipata ilikuwa tamu kuliko alivyoiwazia.

Lakini ilikuwa bado si yake. Mwalimu mpya hathibitishwi kazini mpaka mkaguzi aje, akae nyuma ya darasa, asikilize somo zima, atie sahihi. Kabla ya hapo unafundisha huku mguu mmoja uko nje ya mlango.

Mkaguzi wa wilaya, Bwana Guessoum, ni mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani mizito, anayeandika sana na kusema kidogo. Hatoi taarifa anapokuja. Mwezi wa Aprili alikuja siku ya somo la kifungua kinywa.

Somo hilo Wassila alilipata na wimbo wake. Ulikuwa wimbo mtamu, wa kitoto, wenye ngoma. Alipokuwa akiusikiliza kule ngazini intaneti ilikwama mwisho wa ubeti wa kwanza, ambao ulikuwa wa mkate, maziwa na mayai. Akasema, ah, inatosha. Akauacha ujipakue wenyewe taratibu, akaenda kuosha vyombo. Kesho yake akauweka kwenye simu, akaunganisha na spika ndogo, akawaambia watoto wauitikie kila mstari.

Ubeti wa kwanza ulipita vizuri, Bwana Guessoum akaandika. Wa pili ulikuwa wa chai na asali, akaandika tena. Wa tatu ukaanza kusifu nyama ya nguruwe ya kukaanga. Ulisifiwa mlo huo mara tatu, kisha kikaja kiitikio, na kiitikio kilikuwa na ngoma kuliko sehemu nyingine zote. Watoto hawakujua wanachoimba. Walijua tu kwamba hapa pametamu. Watoto thelathini na sita wa Tolga, wawili kati yao wajukuu wa imamu, wakatangaza kwa Kiingereza safi, wakipiga madawati, kwamba hakuna asubuhi njema bila nguruwe.

Wassila aliirukia simu. Simu ikamponyoka, ikaingia chini ya kabati, ikaendelea kuimba humo humo.

Ofisini, Bwana Guessoum alivua miwani akayafuta macho, na macho yalikuwa yameloa.

"Matamshi ya watoto ni mazuri sana," akasema. "Hicho ndicho kinachonitisha."

"Mheshimiwa, wallahi mimi sikujua..."

"Binti yangu, uliusikiliza wimbo mpaka mwisho?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi watoto wa watu usiwape kitu ambacho wewe mwenyewe hujakimaliza."

Akaandika: uthibitisho umeahirishwa. Angerudi mwaka mpya wa masomo, siku asiyoitaja. Na safari hiyo mambo yakienda mrama tena, mkataba unakwisha, shule tatu zinapewa mtu mwingine.

Mji mdogo hauna siri. Kabla ya adhuhuri muuza nyama alikuwa keshapata habari. "Mwalimu," akampigia kelele kutoka dukani, "leo tuna kondoo tu, utatusamehe!" Imamu ndiye aliyecheka kuliko wote, inasemekana ilibidi akae. Na kaka yake Wassila, Tayeb, mpanda mitende, ambaye akipata mzaha hauachii mpaka uchakae, kwa mwezi mzima hakuketi kula bila kukiinua kipande cha mkate na kukinusa. "Hiki salama, mwalimu?"

"Kula, ukisongwa tutakuzika," Wassila alimjibu. Alicheka nao, maana kweli ilichekesha. Ila akiwa peke yake pale ngazini, kicheko kilimkauka. Aliogopa. Akiondolewa darasani angerudi kukunja nguo, na safari hii angejua anachokikosa.

Tangu hapo hakuchukua kitu bila kukisoma mpaka herufi ya mwisho. Na katika kusoma hivyo, mwezi wa Septemba, akampata Marisol.

Ilikuwa tovuti ya rangi ya zambarau inayoumiza macho, ambako walimu wa nchi mbalimbali huweka masomo yao, kila mtu achukue atakacho. Hakuna kadi, hakuna tangazo. Masomo ya huyu Marisol yalisainiwa chini: mwalimu, Paragwai, watoto arobaini na mmoja, ubao mmoja. Wassila aliposoma hayo maneno nusura aibusu kompyuta. Hakukuwa na tableti humo, wala gundi. Kulikuwa na michezo ya kupiga makofi, maswali ya kurushiana kwa safu, namna ya kuwafundisha watoto arobaini rangi zote kwa kutumia nguo walizovaa. Akachukua somo moja, likawaka darasani. Akachukua la pili. Kufika mwisho wa Oktoba alikuwa ametumia kumi na manne.

Mama yake, Bi Hadda, alikuwa uani akifinyanga kuskusi kwa viganja, siku Wassila aliposhuka ngazi akiwa anacheka.

"Unacheka na nani huko juu?"

"Na Marisol, mama. Ameweka mchezo mpya."

"Huyu Marisol kila siku namsikia. Ndiye anayekuandikia masomo?"

"Si mimi peke yangu. Anayaweka pale, anayetaka anachukua. Wako wengi. Huyu analeta hili, yule analeta lile."

"Mnamlipa?"

"Hapana, mama, ni bure."

Bi Hadda akaacha kufinyanga. "Watu wanakuja kukufanyia kazi yako, huwalipi, na wako wengi. Hiyo si twiza?"

Twiza kwetu ni kazi ya kusaidiana: leo kwangu, kesho kwako, na mwenye kazi hulisha. Wassila akafikiri. "Eh. Ni kama twiza."

"Hakuna kama. Ni twiza." Mama akapangusa mikono. "Haya niambie. Umewalisha nini?"

"Mama! Wako Paragwai, ng'ambo ya bahari!"

"Sikukuuliza wako wapi. Twiza ya watu umeila tangu Septemba. Mavuno yao lini? Nani kaenda kuwasaidia? Au unataka tuwe kama Lakhdar?"

Lakhdar hapa kwetu hahitaji kuelezwa. Miaka mitatu mfululizo watu walikwenda kumvunia tende, naye kila alipoitwa kwa wenzake aliumwa mgongo. Mwaka wa nne alipika kuskusi ya watu ishirini, hakuja hata mmoja, tende zikaharibikia mtini. Mpaka leo akipita, watoto wanashika viuno.

"Mama, mtandaoni si hivyo," Wassila akasema, lakini sauti ilikuwa imempungua.

"Chukua hicho chombo chako. Andika."

Wassila akaandika. Hakuthubutu kupunguza neno, maana mama alikuwa anamtaka amsomee tena kwa Kiarabu kila mstari. Na hivyo mwalimu mmoja wa Paragwai akapata barua hii:

*Dada Marisol, amani kwako na kwa watu wa nyumbani kwako. Mimi ni Hadda, mama yake Wassila wa Tolga. Mwanangu amekula kazi ya mikono yako mara kumi na nne na hakusema. Tusamehe, hakulelewa hivyo. Tuambie mavuno yenu ni lini. Sisi ni watu wanne wenye nguvu, na mwanangu Tayeb hupanda mitende arobaini kwa siku. Chakula msihangaike sana.*

"Weka pia kwamba mimi mgongo wangu mzima," Tayeb akasema kutoka mlangoni, akipasuka kwa kicheko.

Wassila aliutuma ujumbe huo huku uso ukimwaka. Alijiambia kwamba hautajibiwa, na ikiwa utajibiwa ndio mwisho wake na Marisol.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Marisol aliandika kwamba ameisoma barua mara tatu, ya tatu kwa sauti, mbele ya walimu wenzake, na mmoja alilia. Kwake hakuna shamba, kuna mlimau mmoja tu nyuma ya nyumba, na wanne ni wengi mno kwa mlimau. *Lakini kama kweli mnataka kuja kazini,* akaandika, *watoto wangu wamechoka. Kila somo ninalolipata ni la tufaha na theluji. Wassila, nimeangalia: tangu uingie hapa umechukua mengi, na hujaweka lolote. Nitengenezee somo la mavuno yenu. Siku yako ya kazi ndiyo hiyo.*

Wassila alisoma mpaka mwisho, akasoma tena, akafunga kompyuta.

"Anasemaje?" Bi Hadda akauliza.

"Anataka nimtengenezee somo."

"Si ndiyo kazi yako?"

Hapo ndipo palipouma. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuwahi kuifanya. Mwaka mmoja na ushee alikuwa ameokota, amechambua, amechapa, ameimba nyimbo za watu. Somo lake mwenyewe, lililotoka kichwani mwake, hakuwa nalo hata moja. Alikaa ngazini michana mitatu mizima akiandika na kufuta. Kila alichoandika kilikuwa na harufu ya mtu mwingine.

Siku ya nne ilikuwa ya mavuno ya kwao, akaenda shambani kubeba maji kama kila mwaka.

Tende zetu hazitupwi chini. Zikianguka zinachubuka, na tende iliyochubuka ni ya mbuzi. Kwa hiyo Tayeb hukaa juu kabisa na mundu, na chini yake wanaume hujipanga kwenye shina lenyewe, mmoja juu ya mwingine, miguu kwenye vigutu vya makuti ya zamani. Tayeb hukata kole, yaani shada zima la tende, humpa wa chini yake, naye humpa wa chini yake, mkono kwa mkono mpaka ardhini, ambako wanawake wameketi kwenye turubai wakichagua. Na wote wanapiga kelele. Shika! Nimeshika! Polepole! Pitisha! Kwenye mavuno hakuna mtazamaji. Ukipita chini ya mtende watu wakiwa kazini, hata uwe umevaa suti ya harusi, utapewa kole ulipitishe, na ukikunja mikono utatajiwa jina la Lakhdar.

Wassila aliganda na ndoo mkononi. Hizi kelele zote ni amri. Shika, kata, pokea, pitisha, polepole, chagua, nzuri, mbovu. Kila amri ina kitendo chake, na kila mtoto wake anazijua tangu hajaota meno.

"Maji!" Tayeb akapiga kelele juu. "We mwalimu! Tunakufa huku!"

"Ngoja kwanza!" akasema, akatoa simu, akaanza kupiga picha mikono ya watu.

Somo aliliandika mchana mmoja. Halikuhitaji printa. Lilihitaji bua moja la kole lililokwisha kupukutishwa tende, lile ambalo nyumbani hutumiwa kama fagio, na watoto wowote wenye mikono. Madawati yanasogezwa ukutani. Mtoto mmoja anasimama juu ya kiti, huyo ndiye yuko kileleni. Wengine wanajipanga kutoka kwake hadi mlangoni. Wa mwisho wanakaa chini kuchagua. Kole halipiti mpaka anayetoa aseme amri yake kwa Kiingereza na anayepokea aijibu. Akiliangusha anakwenda mwisho wa safu. Alilisoma mara tano. Lakini kuliweka mtandaoni hakuliweka. Alikuwa amekwisha kuapa kutowapa watu kitu ambacho hajakimaliza, na somo halijakwisha mpaka watoto wamelipitia. Akapanga kulijaribu Jumanne.

Jumanne saa tatu asubuhi madawati yalikuwa yamekwisha kusogezwa na darasa zima liko kwenye safu, mlango ukafunguliwa. Bwana Mebrouk akaingia, uso umempauka, na nyuma yake Bwana Guessoum na faili lake.

"Endelea, mwalimu," mkaguzi akasema.

Bwana Mebrouk akamvutia Wassila pembeni. "Dada yangu, haya ni nini? Rudisha madawati! Fundisha lile la rangi, lile la yule mama wa ng'ambo, ni zuri, halijawahi kukuangusha!"

Somo la rangi lilikuwa mkobani. Wassila alilijua kwa moyo. Dakika tatu tu, madawati yangerudi, watoto wangekaa, na ndani ya saa moja angekuwa mwalimu kamili aliyethibitishwa. Akawatazama watoto. Yule aliyekuwa juu ya kiti alikuwa amekwisha kulikumbatia kole kwa mikono miwili, akingoja, magoti yakimcheza kwa hamu. Wassila akapiga moyo konde.

"La rangi watalipata Alhamisi," akasema. Akageukia safu na kusema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake kubwa: "Kata!"

"Nakata!" akajibu wa juu. "Pokea!"

"Nimepokea! Pokea!"

"Nimepokea! Polepole! Pitisha!"

Raundi ya kwanza ilikuwa vurugu. Kole lilianguka mara mbili, mmoja akajibu kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiarabu, wakazomewa wote wawili. Ya pili ikanyooka. Ya tatu ikaanza kwenda mbio, na hapo watoto wakaanza kuongeza maneno ambayo Wassila hakuwapa siku ile: waliyaokota kwenye masomo ya nyuma na kuyapachika wenyewe. Haraka, mzito! Si hapa, huku! Wewe mwenye shati jekundu, fungua macho! Wakorofi wawili ambao kwa kawaida hulala walikuwa wanagombana kwa Kiingereza kama kole ni zuri au bovu.

Na Bwana Guessoum alikuwa amesimama. Hakukuwa na pa kukaa, madawati yote yako ukutani. Alikuwa amesimama katikati ya safu, faili kifuani, mikono imekunjwa.

Kole likamfikia Anfal, mtoto mfupi mwenye mapengo, ambaye baba yake ana mitende mia mbili. Akageuka kulipitisha, akamkuta huyo mzee amesimama hivyo. Anfal hakuona mkaguzi. Aliona mtu mzima chini ya mtende, mikono imekunjwa.

"Wewe!" akasema kwa Kiingereza, kwa hasira ya kweli. "Usisimame! Pokea!"

Bwana Mebrouk akafumba macho.

Bwana Guessoum akamtazama Anfal. Akalitazama kole. Kisha akaliweka faili dirishani, akainama, akapokea kwa mikono miwili, mmoja chini ya bua na mwingine ukikinga mbele, kama wanavyopokea watu waliolelewa mitendeni.

"Nimepokea," akasema kwa Kiingereza. Akamgeukia aliyefuata. "Polepole, mwanangu. Pitisha."

"Nimepokea, bwana!"

Darasa likalipuka kwa kelele. Mkaguzi alibaki kwenye safu raundi mbili nzima. Ya pili alicheka kwa sauti, jambo ambalo Bwana Mebrouk husimulia hadi leo, na watu hawamwamini.

Ofisini alivaa tena uso wake mkavu. Akaomba daftari la maandalizi. Kila mwalimu analo: tarehe, somo, lengo, na safu ya mwisho ya chanzo, ambako unaandika somo umelitoa wapi. Bwana Guessoum alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Safu ya mwisho ilikuwa imejaa anwani za tovuti na majina ya watu wa mbali, mwaka mzima na zaidi. Akafika kwenye Jumanne. Kidole kikasimama.

"Hapa pako wazi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Chanzo ni nini?"

Kwa kweli Wassila alikuwa ameliruka hilo eneo usiku wa jana kwa sababu hakujua aandike nini. "Hili... sikulitoa popote."

"Somo haliwezi kutoka popote, mwalimu. Limetoka kwa nani?"

"Kwangu," akasema, polepole mno kwa mtu mwenye sauti kama yake.

Mkaguzi akamsukumia daftari na kalamu. "Basi andika."

Akaandika. *Wassila Guerfi, Tolga.* Herufi ya mwisho ilikwenda upande, na machozi yalimtoka mbele ya wanaume wawili naye hakuyajali, kwa sababu alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata tangu azaliwe. Bwana Guessoum alilisoma lile jina, akasubiri wino ukauke, akatia sahihi yake chini yake: amethibitishwa. Kisha akatoa kijitabu chake mwenyewe mfukoni na kufungua ukurasa mpya.

"Nina walimu wapya tisini katika wilaya hii," akasema. "Kila siku wananiuliza masomo wakayatafute wapi. Utaliweka wapi hili, niwaambie?"

Wassila akafuta pua kwa ncha ya kitambaa, akaanza kumtajia anwani ya ile tovuti ya zambarau, herufi moja moja.